Mwalimu wa Siku ya Ishirini na Nane

Mke wa Mwalimu alijua kwamba somo la mimba limefika pale alipofungua kabati na kukuta vitenge vyake vitatu havipo. Kimoja cha bluu, kimoja chekundu, kimoja cha manjano, na chekundu ndicho alichovaa siku za kuimba kwaya. Mwalimu alikuwa amevifunga nyuma ya baiskeli na kuisukuma hadi shuleni. Baiskeli ile aliisukuma zaidi kuliko alivyoipanda, maana njiani alipenda kuongea na watu. Alivitandika juu ya meza mbele yetu, kimoja juu ya kingine, akavinyoosha kwa viganja. Tulikuwa darasa la tano la sekondari, hapa Kamina, wasichana kumi na mmoja na wavulana wengi wenye kelele.

"Ile njo weye," alimwambia aliyekuwa na kelele kuliko wote. "Uko na wiki tatu. Hauna kichwa, hauna miguu. Uko tu bitambala tatu."

Halafu alianza kugawa. Kitenge cha juu, cha bluu, kitakuwa ngozi, ubongo na neva zote. Cha katikati, chekundu, kitakuwa mifupa, nyama, damu na figo. Cha chini, cha manjano, kitakuwa utando wa ndani wa utumbo na wa mapafu, na sehemu kubwa ya ini. Kitabu kilikuwa na majina yake marefu ya Kifaransa na kwenye mtihani tulipaswa kuyaandika hayo, lakini yeye akifafanua kwa Kiswahili alisema bluu, nyekundu, manjano, basi. Mimi leo ni mkunga, nimepokea watoto ambao siwezi kuwahesabu, na bado nikimkausha mtoto mgongo huwa nawaza bluu.

Kisha alipitisha kidole katikati ya kitenge cha bluu kwa urefu, kikafanya mfereji. Akainua kingo mbili za mfereji, akazikutanisha, akazibana kwa vibanio vya nguo. Alianza kubana katikati, akapanda kwenda juu, akashuka kwenda chini, mpaka ikawa bomba. Juu pale ubongo, chini yake uti wa mgongo. Kibanio cha mwisho cha chini alikiacha mkononi. Alituambia kwamba mara chache bomba halifungi, na mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Hata wale wavulana wenye kelele walisogea mbele kuona.

Mimi niliuliza kosa linakuwa la nani. Nilikuwa nimesikia wanawake wa mtaani wakisema mama wa mtoto wa namna hiyo amelala nje ya ndoa, au amevunja mwiko. Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa sweta lake la kijivu, sweta ambalo alilivaa hata mwezi wa kumi, joto likitupasua vichwa.

"Mugongo inafunga siku ya makumi mbili na munane," alisema. "Ile siku mama hayayua hata kama iko na mimba. Sasa utamushitaki namna gani muntu ju ya mambo yenye ilipita mbele ayue?"

Maneno hayo, kwamba humshitaki mtu kwa jambo lililopita kabla hajalijua, aliyarudia kila mwaka, kwa kila darasa, miaka zaidi ya thelathini. Nusu ya Kamina imefundishwa naye. Mtu mmoja tu hakumfundisha, na huyo ndiye aliyehitaji somo lile kuliko sisi wote. Heri niseme mapema, maana bila hilo hutamwelewa. Kabla ya mama wa vitenge, Mwalimu alikuwa na mke mwingine. Walioana kule Kabongo, yeye akiwa kijana mwenye diploma mpya. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na mgongo wazi, akaishi siku sita. Mama yake Mwalimu na wajomba walikaa, wakaamua kwamba mwanamke ndiye aliyeleta jambo hilo nyumbani, wakamrudisha kwao Luena. Mwalimu alikuwepo kwenye kikao. Daftari lenye somo la siku ya ishirini na nane lilikuwa ndani ya mfuko wake wa shule, chumba cha pili. Hakusema neno.

Haya sikuyajua nilipokuwa mwanafunzi. Nilijua tu kwamba alikuwa mkali wa alama. Mara ya kwanza kuchora mimba nilimchora mtoto mdogo mzima, ana kichwa, ana vidole, amejikunja kama anasinzia. Nilipata nne juu ya ishirini. Pembeni aliandika kwa wino mwekundu kwamba mtu haanzi akiwa mdogo, anaanza akiwa kitu kingine. Nililia siku ile. Sasa naona ni maneno mazuri sana, ingawa ile nne bado inaniuma.

Hakuwahi kumpiga mwanafunzi, katika shule ambayo fimbo ilikuwa na msumari wake maalumu ukutani. Mkuu wa shule alimwuliza sababu. Akajibu kwamba ngozi na ubongo vimetoka kwenye kitambaa kimoja, kwa hiyo anayepiga ngozi apige akijua anapiga wapi. Mkuu alidhani anadhihakiwa. Sisi tulipenda sana jibu hilo, tukawa tunajitetea nalo nyumbani mbele ya mama zetu, na viboko vikaongezeka.

Sokoni alikuwa balaa. Aliinua matumbo ya mbuzi juu, akamweleza muuzaji kwamba upande wa ndani ni manjano na nyama ya nje ni nyekundu, huku foleni ikingoja nyuma yake. Mke wake aliacha kwenda naye. Kwenye misiba pia alikosea kwa nia njema. Alimwambia mjane mmoja kwamba mkono wa mtoto tumboni huanza kama mwiko wa kupakulia bukari, ugali wetu, na vidole hupatikana kwa sababu nyama ya katikati inakufa. Alitaka kumfariji. Mjane alimwomba akae upande wa wanaume.

Lakini kosa lake kubwa, lililosemwa Kamina nzima, lilikuwa la harusi. Kwetu mwanamke hasemi mimba yake mapema. Anaificha miezi mitatu, minne, mpaka tumbo liseme lenyewe, kwa sababu jicho la watu si zuri. Hapo ndipo anakwenda kwenye kituo cha afya, hapo ndipo anapewa vidonge vya foliki vya kusaidia mgongo ufunge, na hapo mgongo wa mtoto umeshafungwa au umeshaachwa wazi zamani. Jambo hilo lilimkosesha Mwalimu raha. Akafikiri, akapata dawa yake: vidonge vitolewe kabla. Basi siku ya harusi ya binti wa shemasi mmoja wa kanisa letu la Kimethodisti, watu wakipita mbele na bahasha na masufuria, Mwalimu alipita na kifurushi. Ndani kulikuwa na maharage, mafungu mawili ya mboga za lengalenga, na boksi la vidonge vya foliki. Mama wa bibi harusi alifungua palepale, akasoma boksi, akasoma tena.

Fikiria mwenyewe. Kumpa bibi harusi dawa ya wajawazito mbele ya kanisa zima ni sawa na kutangaza kwamba ameshabeba. Mama yule alirudisha kifurushi kwa mkono wa kushoto. Mwalimu akaanza kueleza siku ya ishirini na nane, kwaya ikaambiwa iimbe, wakaimba kwa nguvu mpaka akakaa. Mke wake hakuongea naye wiki nzima. Binti mwenyewe alinitafuta baadaye, mimi nikiwa tayari mkunga, kwa siri, akaniomba vidonge vile, na tangu hapo wasichana wengi wanaotaka kuolewa hunijia mlango wa nyuma. Kwa hiyo sijui kama niseme alishindwa au alifaulu.

Alikuwa pia na jambo ambalo sikulielewa kwa muda mrefu. Mtu huyu aliyejua mtoto wa siku ya kumi na nane anafananaje, na moyo unaanza kupiga wiki gani, hakuweza kushika kichanga. Ukimpa, alirudi nyuma na mikono yake ikaenda mfukoni. Mke wake aliniambia kwamba hata mabinti zao wawili aliwabeba kwa mara ya kwanza walipoweza kukaa wenyewe. Alinisimulia akicheka, kisha akaacha kucheka. Nilidhani ni woga wa wanaume wasomi tu.

Nilipata kujua siku nilipomwita maternite, wodi yetu ya wazazi. Nilikuwa mkunga wa mwaka wa pili. Msichana wa miaka kumi na tisa alijifungua mtoto mwenye uvimbe mwekundu chini ya mgongo, wazi, unaovuja maji. Tulikuwa tukitafuta namna ya kumpeleka kwa daktari wa upasuaji, lakini mama mkwe alikuwa ameshafunga virago vya msichana. Alisema huyo arudi kwao, na kitoto chake. Nilimweleza nilivyojua, akaniangalia nywele mpaka viatu, akaniuliza mimi nimezaa wangapi. Nilikuwa sijazaa. Nikamtuma mtu wa pikipiki amlete Mwalimu.

Alikuja na vitenge. Alisimama mlangoni, hakusogea karibu na kitanda, lakini alimwomba yule mama mkwe amsaidie kushika ncha. Wakatandika wote wawili juu ya benchi. Hakutaja neno hata moja la kitabu. Alimwuliza tu, kwa Kiluba na kwa heshima zote, mimba zake mwenyewe alizijua baada ya muda gani. Mama akasema mwezi, mwezi na nusu. Mwalimu akafunga mfereji, akabana, akamwonyesha pale ambapo kibanio kilikosekana, akamwambia ni siku ya ishirini na nane. Akasema pia kwamba hajui kila sababu: majani na maharage na vidonge vinasaidia, na bado kuna bomba ambalo halifungi na hakuna ajuaye kwa nini. Nadhani huko kukiri kwamba hajui ndiko kulikomlainisha mama yule. Alifungua virago, akatoa kikoi, akamfunika mkwe wake miguu.

Nilifurahi kupita kiasi. Nilimsindikiza Mwalimu barabarani nikimsifu, yeye akisukuma baiskeli. Tulipofika kwenye reli alisimama, ingawa treni haikuwepo.

"Iko mumoja sikumufundisha," alisema.

Ndipo akanisimulia ya Kabongo, niliyokwisha kuyasema. Alisimulia bila kujitetea, na mimi nilikasirika. Nilikuwa na hasira ya kweli, tena ya mtu aliyempenda. Nilimwuliza kwa nini alinyamaza. Akasema alikuwa na miaka ishirini na minne, mama yake alikuwa analia, wajomba walikuwa saba, na somo lilikuwa la Kifaransa. Kwa Kiluba hakujua angelianzaje. Vile vitenge alivibuni mwaka uliofuata. Nikamwambia basi vitenge anavyo sasa, na Luena kuna treni. Yeye akavuka reli.

Mganga hajigangi, wanasema. Miaka kumi na miwili ilipita, na kila nilipokutana naye nilikuwa na neno lile mdomoni. Mara alisema treni haina saa, jambo ambalo ni kweli. Mara alisema mwanamke yule ameolewa, haifai kumsumbua. Mara alisema magoti. Alisikia kwamba mwanamke huyo ameshakuwa mjane, akasema sasa ndiyo haifai zaidi, watu watasema anamfuata. Mtu ambaye hakuona haya kupeleka vidonge harusini aliona haya kupeleka maneno mawili Luena. Na huku somo la vitenge aliendelea kulitoa, mwaka baada ya mwaka, vizuri zaidi kila mwaka, na mimi nikawa siwezi tena kulisikia likisimuliwa bila kuumia kwa ajili yake na kwa ajili ya yule mama.

Mwaka huu, baada ya kustaafu, jicho lake moja likiwa limeingia ukungu, alinijia nyumbani asubuhi ya Jumamosi. Mke wake alikuwa naye. Ni mke aliyesema, mume amekaa ameshika kofia. Alisema amechoka kuishi na mtu ambaye usingizini anafundisha, na kwamba nauli ya Luena wameshaipata, na kwamba mimi niende nao kwa sababu mimi ni mkunga na maneno ya tumbo yanafaa yawe na mkunga. Nilipoona kifurushi cha vitenge nilimwambia Mwalimu akiache. Mwanamke yule si darasa lake.

Treni ilituweka Luena siku ya pili. Tulielekezwa mpaka uani kwa mwanamke mnene, mwenye mvi fupi, amekaa kwenye mkeka akimenya mihogo. Alimtambua Mwalimu kabla hatujasema hodi. Aliendelea kumenya mhogo uliokuwa mkononi mpaka ukaisha, akaosha mikono, akatuletea viti. Alimsalimia kwanza mke wa Mwalimu, akamwita dada. Kisha mimi. Kisha yeye, kwa Kiluba, salamu fupi ya mgeni.

Mwalimu hakukaa. Alianza kuongea akiwa amesimama, kama mbele ya ubao. Alisema alikuja kusema jambo ambalo alipaswa kulisema Kabongo. Bila vitenge alitumia viganja: aliviweka pamoja vikiwa wazi, akavikunja, akavifunga kuanzia katikati, na vidole vidogo akaviacha wazi. Alisema siku ya ishirini na nane. Alisema hakuna mwiko uliovunjwa, hakuna mwanaume mwingine, hakuna kosa, na kwamba yeye alilijua hilo siku ileile wajomba walipokaa. Alisema alinyamaza kwa woga. Lilikuwa somo lake fupi kuliko yote, na lilikuwa zuri, nami nililia waziwazi.

Mama yule alimsikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Ile nilisha kuyua," akasema. "Masera ya ku dispansere alinielezea zamani. Na kisha nilizala batoto bane, migongo yabo yote nzuri. Njo banifundisha."

Mwalimu akasema ndiyo, akaangalia chini. Nilimwona akipungua. Ukweli alioubeba maisha yake yote, akiuogopa, ulikuwa umeshafika hapa zamani kwa miguu mingine, ya mtawa wa zahanati. Nilidhani tumemaliza, nikaanza kutafuta maneno ya kuaga.

"Kama unakuya ju ya ile tu, umechelewa," mama akaendelea, bila ukali. "Minyi nilikuwa nangoyea ingine. Siku sita nilinyonyesha ule mutoto. Weye haukumubeba. Na haukuuliza jina yake."

Mwalimu aliinua uso. Akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia darasani kwamba hakukuwa na jina. Mama yake ndiye aliyekataza: mtoto ambaye kitovu hakijaanguka hapewi jina, na huyu asiyebaki apewe la nini. Wanawake wawili walimzika nyuma ya nyumba asubuhi, na wanaume hawakwenda.

"Kwenu balinikatalia jina," mama akasema. "Nilituma ku baba yangu aniletee ya kwetu, naye akakatala. Siku sita, nitamuita muntu nani? Mutoto alikuwa ananiangalia."

Mke wa Mwalimu alikuwa ameshika mkono wangu. Mwalimu akauliza, polepole, kwa Kiluba, mtoto aliitwa nani.

"Nilimupa yenye ilibakia," akasema. "Yako."

Mwalimu akakaa. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye mkeka, kati ya maganda ya mihogo, na hakuna aliyemzuia. Kisha akalitamka lile jina mara moja, kwa sauti ndogo, na sote tuliokuwa pale uani tulijua kwamba hakuwa anajitaja yeye.